Adabu ya Miche

3 Januari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo wewe na kazi zako za maabara? Sisi wazima, ila goti langu limeanza tena ubishi. Miche ya nyanya sijaitia adabu msimu huu, yaani sijaizoesha jua kali. Uliponiambia mbele ya majirani kwamba kuondoa kivuli cha kitalu kila adhuhuri ni kuitesa, niliona haya, sikufichi. Lakini mwenye shule ni wewe. Sasa kivuli hakitoki. Miche imenawiri hadi wapita njia wanasimama.

Baba yako

19 Februari

Mwanangu,

Naamini u mzima, maana kimya chako kimekuwa kirefu. Tuliihamishia miche shambani, likaja joto la siku tatu. Haukubaki hata mmoja. Ya jirani, niliyemfundisha adabu mimi mwenyewe, imesimama. Nadhani nilizidisha maji. Usijisumbue, kosa ni langu.

Baba yako

6 Mei

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne.

Ndani ya jani mna protini zilizokunjwa, kila moja kwa umbo lake. Joto kali huzikunjua, zikagandana kama ute wa yai kikaangoni. Mche ulioonjeshwa joto dogo mapema huwa umeshatengeneza protini nyingine, walinzi, za kuzishikilia zisiharibike. Uliodekezwa hukutwa mikono mitupu.

Kumbe ndiyo adabu yako. Na majibu hayo niliyapata hapa maabara Desemba, kabla ya barua yako ya kwanza. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa nilishajifanya mjuaji mbele za watu. Mstari mmoja tu ungetosha, nawe ungeondoa kivuli. Hukukosea, Baba. Naona aibu hata kutia sahihi.

Tafadhali isome barua hii mbele ya majirani walewale.

Binti yako

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia kidogo.

Barua nimeisoma peke yangu, mara mbili, nikaifungia sandukuni. Majirani nimewaambia umeniandikia nirudie adabu, basi. Mtoto wangu siwezi kumvua nguo hadharani. Uchungu ninao, na haujaisha.

Nimesia mbegu upya. Kivuli kitaanza kuondolewa wiki ya pili ya Juni. Njoo ukiondoe wewe.

Baba yako