Makosa ya Kupandikiza

Nyumbani, chumba cha nyuma.
Jumanne, 11 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kiwembe,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Unakula vizuri? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua lakini mdomo mzima, tushukuru. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haunitulii. Nimekaa, nimesimama, nimefagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Simu zangu hupokei tangu jana, basi nakuandikia.

Unajua chuo chetu cha mtandaoni kinajaribu njia mbili za kufundisha utengenezaji wa programu. Kundi moja linatazama video zangu. La pili, ambamo umo wewe, linacheza mchezo aliobuni mwenzangu tunayemwita Profesa, ingawa si profesa. Keshokutwa mkuu wa chuo anachagua njia moja, nyingine inatupwa.

Sizitetei video kwa kuwa ni zangu. Watu wanaziwasha, wanaendelea kupiga pasi, kisha wanasema wameelewa. Wape programu iliyoharibika waitengeneze, wanakodoa macho. Mmoja alinisifu eti sauti yangu inamlaza mtoto wake! Nilicheka, kisha nikaudhika.

Mchezo una raha yake. Watu wanashindana, wanataniana, kesho wanarudi. Nawe uko kileleni, umewaacha wote mbali. Mkuu alikutaja kikaoni, nikavimba kichwa kana kwamba nimekuzaa mimi. Tena atakayeongoza ameahidiwa kazi hapo chuoni.

Ila nikajiuliza, huyu Kiwembe ambaye hata kitanda hatandiki, bidii hii kaitoa wapi? Nikafungua programu zako. Mchezo unatoa pointi kwa kila kosa unalorekebisha, wala haukuulizi kosa limetoka wapi. Kumbe unayapandikiza mwenyewe! Asubuhi unaharibu, jioni unatengeneza, pointi zinaingia. Ni kama fundi anayetoboa bomba la jirani ili aitwe kuliziba.

Nimekasirika, na aibu nimeona. Lakini baadhi ya makosa hayo ni ustadi mtupu. Asiyeielewa programu hawezi kuyaficha vile. Umejifunza kweli, mjinga wewe, na bado umedanganya.

Sasa nifanyeje? Nikisema, Profesa ataona nina kijicho, nataka video zangu zibaki, nawe kazi umeikosa. Nikinyamaza, chuo kitafundisha watu kwa mchezo unaolipa uharibifu, nawe utaajiriwa kwa sifa ya uongo. Na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nimewaza hadi chai imepoa, nikaipasha, ikapoa tena.

Nimeamua hivi. Kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi. Kabla ya hapo mwandikie mkuu wewe mwenyewe, umweleze ulichofanya na jinsi ya kuuziba mwanya huo. Usipoandika, nitasema mimi.

Shangazi anakusalimu, na shemeji yako anauliza utarudi lini. Mungu akulinde, akupe ujasiri wa kusema kweli. Mama naye salamu tele. Jana alisimama mlangoni akiwatangazia majirani: “Jamani, mwanangu ndiye wa kwanza, kawashinda wote!” Sijamwambia kitu. Hilo nakuachia wewe.

Akupendaye hata ukinuna,
Dada yako mkubwa