Hazina Uliyoniachia Flemingdon Park

Baba,

Duka langu la sambusa, hapa Flemingdon Park ugenini, limekwenda. Jumatatu asubuhi nimemkabidhi mnunuzi funguo, pamoja na lile karai kubwa la sambusa. Aliyeliuza duka ni wewe, ingawa ulikuwa umeshazikwa.

Siku ya maziko nilisimama mbele ya jeneza lako nikasema yale anayosema kila mwana: "Anayemdai marehemu baba yangu, aje kwangu." Nilidhani atakuja muuza nyama. Wakaja watu thelathini na mmoja. Bi Salma, anayeogesha wazee wa watu kwa malipo ya saa, alikukopesha dola elfu mbili.

"Baba yako alituambia ni mkopo wa umma, mwanangu, tujenge ukumbi wa jumuiya. Na kila mwaka tutapata shukrani."

Shukrani! Ulijua riba hawataigusa, ukaibadilisha jina.

Ukumbi uko wapi, Baba? Nimepiga hesabu: dola elfu arobaini na sita. Nusu iliwalipa shukrani waliotangulia, kwa pesa za waliofuata. Nusu ulikodia kumbi za watu kwa karamu za Idi, ukakaa meza ya mbele na suti mpya, ukaitwa Mheshimiwa Mweka Hazina.

Na ulikuwa umeshanieleza, tena mezani kwangu, tukila wali. Ulikuwa karani kijana wa Hazina ya koloni, Nairobi. "Pesa zinakopwa Uingereza," ulisema, ukicheka mpaka ukakohoa. "Gavana anapakiwa rangi nyumba yake, mwenye kibanda huko mashambani ndiye anayelipa kodi. Masikini, hata hajui kama amekopa!"

Nilicheka nawe. Nikakuongeza mchuzi.

Kumbe kibanda chenyewe ni changu. Nilichokianza kwa kuosha masufuria ya wengine, wala hukunichangia hata senti ya mafuta.

Watu wanasema ulikufa uso una tabasamu. Kwa nini usitabasamu?

Nakuahidi hili: Ijumaa baada ya sala nawalipa wote, Bi Salma wa kwanza. Si kwa ajili yako. Mimi nilitamka, nalipa. Kaburini kwako sitarudi, na dua wakuombee wale waliokuita Mheshimiwa. Kwaheri, Baba.

Ila nijibu moja, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Njoo ndotoni, njoo utakavyo, lakini usinizungushe. Ulipokuwa ukiwakopa wale watu, ulijua kwamba siku ile nitasimama niseme waje kwangu?

Ndiyo, au la.