Shamba la Bwana Khatib

Jumamosi, 9 Agosti

Bi Kwamboka, afisa wa kilimo, amekuja kwetu Wiyoni. Alhamisi, huko Mokowe, majina ya wote wanaolipwa ruzuku ya wakulima yatasomwa mbele ya watu. Wananchi wamelalamika: hata wasio na jembe wanalipwa! Kwa hiyo kila jina litatajwa, na mwenye pingamizi ainuke. Mara iliyopita alisoma mwenyewe, akayavunja majina yetu hadi watu wakashika mbavu. Sasa anataka msomaji wa huku, na mwalimu amenitaja mimi. Mimi ninayejibu darasani kwa kunong'ona! Kabla sijakataa, bibi yangu akasema nitasoma. "Huyu husoma hata karatasi iliyofungiwa bajia!"

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepewa majina nijizoeze. Katikati — Khatib Abdulkadir. Babu! Babu aliyefariki nikiwa darasa la pili. Anayelima simsim kule shambani ni Bibi, kwa mikono yake.

Nimemwuliza polepole. Hakushtuka. "Yule kijana wa kuandikisha aliuliza shamba ni la nani. Nikamwambia la Bwana Khatib. Nikampa na kitambulisho chake."

Angesemaje tena? Huku shamba hubaki na jina la mwenyewe hata akiwa kaburini. Hakuna anayeliita shamba la Bi Mwanamkisi, hata Bibi mwenyewe. Lakini watu watasema maiti analipwa. Na Bibi ataitwa mwizi.

Sikuweza kumwambia.

Jumanne, 12 Agosti

Ruba, rafiki yangu, anasema niliruke tu jina la Babu. "Wewe ndiwe mwenye mic, shoga!" Nimefikiri mchana kutwa. Nikiliruka letu, ya wengine nayasomea nini?

Bibi amepiga pasi buibui lake. Anasema tangu hitima hajasikia mtu akilitaja jina la Babu lote, kwa sauti. Ya Rabi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia. Akaacha kupepeta simsim, ungo mapajani.

"Kwa hivyo nimeiba?"

"Hapana, Bibi."

"Na watu wakisema?"

Nikampigia Bi Kwamboka. Sauti yake ilikuwa ya upole, ila hawezi kubadilisha jina ofisini — ndiko ulikoanzia ulaghai. Bibi ainuke mwenyewe mkutanoni, aseme mumewe amefariki na shamba analima yeye. Ataandikishwa upya. Akinyamaza, malipo yatakatwa.

Aseme amefariki! Bibi hajawahi kulitamka neno hilo. Husema "Bwana hayupo", kama mtu aliyevuka bahari kwenda Manda na atarudi saa za magharibi.

Usiku hakula. Nilimkanda miguu mpaka akalala.

Alhamisi, 14 Agosti

Mokowe. Naandika nikingoja kuitwa. Watu wamejaa. Nyuma yetu mzee mmoja anamtania mwenzake: "Wewe yeo hii utasomewa shamba gani, la mkeka unaolalia?" Wanacheka. Bibi hacheki. Amekaa safu ya wanawake, kando yangu.

Nimemnong'oneza kwamba bado anaweza kwenda nyumbani, nitamsemea mimi. Akanishika kidevu.

"Wewe soma. Lote, na la babake. Usilimeze."

"Kisha uinuke, Bibi."

"Nitainuka. Lakini usikimbilie jina linalofuata. Niwate kidogo, unipe nafasi. Nataka kulisikia kwanza."

Kidogo kiasi gani? Bi Kwamboka ananiita, mic inapiga kelele, na Bibi anajifunga buibui —