Uwele wa Wifi Dorkasi

Dodoma Mjini,
Septemba 1996

Kwa kaka yangu mpendwa Yotham,

Shikamoo kaka, na mbukwa kwa wote walioko hapo nyumbani. Nakuombea uwe umeamka vizuri, goti lile lisiwe linakusumbua, na ng'ombe wawe bado wanapata majani huko bondeni, maana huku mjini hata miarobaini imeanza kupukutika. Sisi hatujambo kwa kadiri Mungu anavyotujalia. Watoto wanasoma. Shemeji yako Tumsifu bado yuko kazini, ingawa kila wiki ofisini kwao kunasikika kuwa wengine watapunguzwa, na watu wanatazamana kama kondoo siku mbili kabla ya sikukuu. Samli uliyompa kondakta wa basi la Mpwapwa niliipokea, kopo limejaa, halikumwagika hata tone. Ahsante sana.

Barua yako nayo niliipata, na tangu siku hiyo sijatulia. Unaandika kuwa wifi yangu Dorkasi amebadilika tangu tulipoanua tanga la mama mwezi wa sita. Anakula peke yake kwenye bakuli lake, na hataki mtu mwingine aliguse. Amehamishia mkeka wake chumba cha kuwekea nafaka. Mtoto Zablon, ambaye hata mwaka hajatimiza, amemwachisha ziwa ghafla na kumkabidhi kwa shangazi Angelina anyweshwe maziwa ya ng'ombe. Ukimuuliza, anainamisha kichwa. Majirani wananong'ona habari za mwanamume, shangazi anasema ni uchawi, na wewe umeshatuma ujumbe Kongwa kwa wazee wake waje wamchukue mwisho wa mwezi huu. Nakujua kaka, wewe ukiling'ang'ania jambo ni kupe. Nakuomba kitu kimoja: usimtoe Dorkasi nyumbani kabla hujafika mwisho wa barua hii. Kaa chini uisome yote, hata utakapokasirika, na najua utakasirika.

Nianze na chakula changu, maana ndiko mambo yalikoanzia. Wote mnajua kuwa huu ni mwaka wa sita sigusi ugali, wali, mkate, viazi wala soda, na wote mnajua nina ugonjwa wa sukari. Unakumbuka miaka ile ulipokuwa ukija mjini unanikuta kwenye foleni tangu alfajiri, nasubiri kilo moja ya sukari ambayo mwisho wake naambiwa imekwisha. Sasa nenda pale sokoni uone. Sukari imejaa magunia, biskuti za kila rangi, soda za makopo, vijana wanakaanga chipsi kila kona hadi barabara nzima inanukia. Mungu naye ana utani wake, amefungulia maduka halafu akanifunga mdomo mimi.

Nilichobakiwa nacho ni mafuta. Asubuhi nakula mayai yaliyoelea kwenye samli yako. Mchana ni nyama ya mbuzi, na namwomba mwenye bucha anipe ile yenye mafuta ambayo wengine wanaikataa. Jioni mchicha au mlenda, utando wa juu wa mtindi, na parachichi ndugu zake Tumsifu wakituletea kutoka Moshi. Mwanzoni kichwa kiliniuma, miguu ikalegea, nikawa naota ugali. Ofisini tunakopiga chapa wenzangu wananiita Mama Samli. Wakileta maandazi ya chai mimi nafungua kikopo changu cha karanga na kutafuna polepole, nazo pia kwa kipimo. Nacheka nao. Lakini sitakudanganya, kuna siku nimepita kwenye maandazi yale nikaona machozi yananilenga, mtu mzima mimi, mama wa watoto.

Daktari aliyenianzishia chakula hiki, mzee mmoja mgeni wa hospitali ya misheni ambaye amekwisha rudi kwao, aliniambia mtu hawezi kuishi hivyo miaka yote bila kupewa nafasi ya kupumua. Mwaka wa pili ulipokwisha akaniruhusu kuonja. Kuonja kwenyewe kuna masharti. Ni kidogo, ni siku niliyoipanga mwenyewe mapema, ni pamoja na mafuta, na mlo unaofuata narudi njia yangu kama vile hakukutokea kitu. Krismasi nakula nusu chapati. Zabibu zikiiva nanunua kishada kidogo, nakaa barazani nazila moja moja, na mtu akinisemesha wakati huo simjibu. Hivyo ndivyo nilivyoweza miaka yote hii. Kuonja hakujawahi kuniangusha. Kinachoniangusha ni ule mlo wa pili unaokuja na kuniambia kwamba mbona jana hukudhurika.

Sasa kaka, nitamtaja Hana. Najua nyumbani hatumtaji. Mama amekufa bila kulitamka jina lake tangu siku tuliyomzika, na picha yake ya kipaimara sijui aliificha wapi. Lakini mimi sijaachana naye hata siku moja. Moto wowote ukiwaka mafigani namwona dada yetu pembeni yake, na gauni lake la bluu. Ndiyo maana kwangu sipiki kwa kuni, napikia jiko la mkaa lililoinuliwa juu ya matofali, na Tumsifu anadhani ni maringo ya mjini. Ulipotuandikia tuje kuanua tanga, nilifurahi kuwaona na niliogopa kulala katika nyumba ile. Jiko ni lile lile. Hata ukuta uliokuwa nyuma yake haujapakwa udongo mpya.

Tulipofika, wifi Dorkasi alinipokea mzigo akanivuta pembeni akiwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi. Alikuwa amesikia redioni kuwa mgonjwa wa sukari asile sembe, ale uwele. Basi kabla hatujafika alikuwa amepura uwele wake, akautwanga mwenyewe na kuupepeta, mtoto mgongoni, akauweka kwenye mtungi mbali na unga wa watu wengine. Alisema, "Wifi, huu hauna madhara. Mwaka huu utakula ugali nyumbani kwenu kama watu."

Kwa mtu mwenye sukari labda alikuwa sahihi. Kwangu mimi uwele, sembe, mchele, vyote ni kitu kimoja. Nikajiambia hii ndiyo siku yangu ya kuonja. Nikala tonge mbili tu kwa mlenda, na samli nyingi juu. Kaka, ulikuwa mtamu. Ulikuwa na ule uchungu kidogo wa uwele mpya, nikamkumbuka mama. Jioni Dorkasi akaleta tena. Nikasema nimeshiba. Shangazi Angelina akasema mbele ya wazee wote kuwa binti anayesusa chakula cha tanga katika nyumba ya mama yake ana ugomvi na marehemu, na marehemu anasikia. Watu wote wakanitazama, wewe ukiwemo. Nikanawa mikono nikala. Kesho yake nikala asubuhi, nikala mchana, nikala jioni, na Dorkasi kila mara akinitazama kwa furaha.

Siku ya tatu asubuhi mlikwenda makaburini kusafisha. Mimi nilibaki jikoni na Dorkasi, nikimsaidia kuchambua mboga. Ndipo nikasikia harufu ya nguo inayoungua. Nilitazama huku na huku, hakuna nguo iliyokuwa ikiungua. Harufu ile naijua. Huja kabla, kila mara, nami kila mara hudhani ni gauni la Hana. Nilijaribu kusimama ili nitoke nje, mbali na mafiga. Sikufika mlangoni.

Kaka, sina ugonjwa wa sukari. Sijawahi kuwa nao. Nina kifafa, kile kile cha Hana. Kilinianza nilipomzaa mtoto wa pili. Vidonge vilinilaza mchana kutwa na bado nikaanguka, ndipo yule daktari akanijaribishia chakula cha mafuta, na kwa miaka mitano sikuanguka hata mara moja. Sukari niliitunga mimi, kwa sababu mgonjwa wa sukari anahurumiwa na bado anakaa na mumewe, anaajiriwa, watoto wake wanaposwa. Wewe unajua mwenye kifafa anavyotendewa. Ulikuwepo.

Mimi pia nilikuwepo. Hana alipoangukia motoni, wazee walipiga kelele kuwa asiguswe mpaka povu likauke, kwamba atakayeguswa na povu lile ataupata ugonjwa. Nilitaka kwenda. Wewe ulinishika mikono yote miwili kwa nyuma, ukanikaza kifuani kwako, ukaniambia, "Loisi tulia, utakufa na wewe." Ulikuwa kijana, ulifanya walivyosema wakubwa, na nilisikia moyo wako ukigonga mgongoni mwangu. Sijakulaumu. Lakini mshiko ule bado uko mikononi mwangu hadi leo, nikifua nausikia, nikiandika nausikia.

Siku ile ya mwezi wa sita Dorkasi hakuwa na mtu wa kumshika. Alipenyeza mkono kati yangu na moto akanivuta, mtoto akiwa mgongoni. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa mapajani mwake, anapangusa povu mdomoni mwangu kwa ncha ya khanga yake, na mkono wake umeungua kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Lile kovu ambalo alikuambia ni la uji uliommwagikia, kaka, ni langu. Mimi sikuungua hata kidogo.

Aliniuliza, "Wifi, ni ule ugonjwa wa dada Hana wanaousema majirani?" Nikaitika. Nikamsihi asikuambie wewe wala mtu yeyote, nikamfanya aape kwa jina la mtoto wake. Akaapa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi? Na huyu mgongoni?" Nikamwambia ugonjwa huu hauambukizi, wala kwa povu wala kwa mate, daktari ameniambia hivyo na ni kweli tupu. Lakini nilimwambia kwa kunong'ona, huku nikitazama mlango, na dakika hiyo hiyo alikuwa amegundua kuwa ile sukari yangu ni uongo na kwamba uwele wake wote aliutwanga bure. Angeniaminije? Aliitikia kwa kichwa, akaenda kufua khanga ile mara mbili.

Sasa unaelewa bakuli, mkeka na maziwa ya ng'ombe. Mkeo hana mwanamume. Hajarogwa. Anangoja kuanguka. Amekutenga wewe na mtoto ili siku itakapofika awe peke yake na asimpe mtu. Bila shaka anavimba maziwa na kuyakamua chini, huku mtoto akilia chumba cha pili. Na umemfokea, na majirani wanamsema, na wazee wake wanakuja kumchukua kwa aibu, na bado hajafungua mdomo, kwa sababu mimi nilimwapisha.

Kabla ya kushika kalamu nilimwambia Tumsifu kwanza, Jumapili tulipotoka kanisani. Sikutaka alisikie kwenu. Aliuliza kama watoto nao watakipata. Nikasema sijui. Tangu siku hiyo ananisalimu, ananiuliza kama nimekula, anakwenda kazini. Lakini kikombe changu sasa anakiosha peke yake na kukifunika kwenye rafu yake. Mtu aliyesoma kaka, mwenye vyeti ukutani. Ataniacha au hataniacha, bado hajasema, nami simuulizi. Naendelea na mayai yangu na samli yangu, na tangu mwezi wa sita sijaonja chochote. Sitaonja mpaka nijue nimesimama wapi.

Kwa hiyo kaka, ukimaliza kusoma usiitishe kikao. Usimweleze Dorkasi mambo ya daktari, maana maneno alishayapata kwangu na hayakumsaidia. Ingia kwake wakati anapokula, kaa chini kwenye mkeka wake, nawa, kisha tia mkono katika bakuli lile lile, shangazi akiwa anaona. Kula mpaka liishe. Halafu mchukue Zablon mikononi mwa shangazi umweke kwenye ziwa la mama yake. Na moyo wako ukikusita, kumbuka kuwa miaka sita yote kila nilipokuja nimekunywa maji kwenye kibuyu chako, ukakipokea bila kukifuta ukanywa baada yangu, nawe hujaanguka.

Wasalimie wote hapo nyumbani na majirani wanaoniulizia. Shangazi Angelina mwambie shikamoo, na kwamba mimi na mama hatuna ugomvi wowote. Wifi yangu umsalimie peke yake, kwa jina. Akikuuliza nani kakuambia, mwambie ni mimi mwenyewe. Yeye hajavunja kiapo chake.

Mdogo wako,
Loisi