Mdogo Wako Analala Kitandani Kwako

Dada Ingrid,

Mdogo wako amekuja. Wewe ungeifurahia habari hii. Mimi sikuifurahia.

Tulikuzika hapa misheni, Muleba, mvua za vuli zikianza. Watu walikulilia, wakarudi kwenye migomba yao. Mimi nikabaki na ufunguo wa kabati la dawa, nikadhani sasa umekuwa wangu peke yangu. Kisha mchungaji akaniambia mdogo wako Karin anatoka Uswidi kushika kazi yako ya uuguzi, niende nikampokee bandarini Bukoba. Aliposhuka melini nilitaka kugeuka nirudi. Ana paji lako la uso, Dada. Ana hata ule mwendo wako wa kuinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya mkungu wa ndizi. Nani alimruhusu?

Wamempa chumba chako. Analala kitandani kwako. Asubuhi, ngoma ya sala ikilia, anakaa kwenye benchi letu, upande wako, anaomba: "Mungu, bariki wagonjwa zako." Watu wanaitikia amina, wanatabasamu. Wewe ulipokosea hivyo, niliyekusahihisha ni mimi, taratibu, tukichemsha sindano.

"Eunike," ulikuwa ukisema, "leo mimi naomba, wewe chemsha maji. Kesho tutabadilishana."

Na kesho yake ulichemsha kweli, ukaniacha niombe mbele ya wagonjwa wote, mimi binti wa mkulima wa kahawa wa Kaagya, niliyekuwa sijawahi kumwombea hata kuku. Imani yangu niliipata pale, kwenye mvuke wa ile sufuria. Hilo sijamwambia Karin, na sitamwambia.

Lakini watu! Ma Paulina, yule uliyemfunga kidonda cha mguu mpaka kikapona, alimwona Karin kwenye ua wa zahanati. Akatupa fimbo yake, akamkumbatia. "Kemilembe! Kemilembe amerudi!" Jina tulilokupa sisi, kwa ajili ya amani uliyotuletea. Wanawake wakapiga vigelegele. Karin akacheka, akaitikia. Akaitikia jina lako!

"Huyo si Kemilembe!" nilipaza sauti, kwa Kihaya. "Kemilembe tumemzika. Mimi ndiye niliyemwosha!"

Ma Paulina aliokota fimbo yake bila kunitazama.

Mchana Karin alinifuata nilipokuwa nikikunja bandeji. "Eunike, ulisema nini pale?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, sikupunguza kitu. Nilitaka akasirike. Hakukasirika. Alikaa chini sakafuni na sketi yake nyeupe.

"Ingrid aliondoka nyumbani, mimi mtoto," alisema, akiyatafuta maneno. "Mimi nilipata barua tu. Na kila barua ni Eunike, Eunike. Eunike amecheka. Eunike amenikaangia senene. Nilikuchukia, Eunike. Mimi naona wivu kwako."

Kumbe huko ng'ambo kulikuwa na mtu aliyenichukia kwa ajili yako! Nisamehe, Dada, lakini nilifurahi. Nilifurahi sana.

Kisha akauliza, "Na mwisho? Alisema nini?"

Unajua ilivyokuwa. Homa ilipokuzidi uliacha Kiswahili, ukaacha na kile Kihaya chako kidogo, ukasema kwa lugha ya kwenu. Maneno yale yale, tena na tena, umenishika mkono. Mimi nikawa naitikia tu, "Naam, Dada, naam," nikiamini unaniaga. Sikuyaelewa, lakini niliyashika kwa sauti tu, kama mtoto anavyoshika wimbo wa watu wengine. Hakuna mwingine aliyeyasikia. Ningeweza kumwambia Karin kwamba hukusema kitu. Nililifikiria hilo, nikiwa na bandeji mkononi.

Nikayatamka.

Aliziba mdomo kwa kiganja. "Tena," akasema. Nikarudia. Akanisahihisha neno moja, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Anasema, vaa viatu, nje kuna baridi. Kila asubuhi aliniambia hivyo. Mimi nilikuwa natoka pekupeku kwenye theluji."

Viatu! Basi hukuwa ukiniaga mimi. Mkono ulioushika ulikuwa wangu, lakini uliyemwona ni yeye. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba nikalia, na wala sikulia kwa ajili ya kifo chako. Nililia kwa wivu. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kwa neno hilo hilo, maana nimechoka kumpelekea maombi yaliyofuliwa na kupigwa pasi. Hakunijibu. Niliporudi ndani, Karin alikuwa ameinjika sindano jikoni, na maji aliyotia yalikuwa kidogo mno, zingeungua. Nikaongeza. Tukayangoja yachemke, yeye huku na mimi huku.

Siwezi kukuambia kwamba nampenda. Namfundisha kazi, basi. Ana mikono mizuri, watoto hawamlilii. Nimekwenda kwa Ma Paulina, nimemwambia yeye na wenzake wamtafutie mgeni jina lake mwenyewe. Wanabishana mpaka leo.

Jumapili baada ya ibada tutakuja kufyeka nyasi kaburini kwako. Karin ameomba aje, na nakuahidi, Dada, sitamzuia, wala sitamnunia. Nitampa panga lenye makali. Lakini upande wa kichwa nitafyeka mimi.

Lala, Dada yangu. Sisi tupo.

Eunike