Ulinipita Langoni

Zomba, 9 Juni 2014

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Dedza haijawaelemea, na mafua ya mama yamepoa. Mimi ni mzima. Nimekuandikia zaidi ya mara moja, kimya. Siku ya wageni hapa shuleni nilikungoja mpaka wenzangu wakamaliza vyakula walivyoletewa. Kama lori la viazi la kukuleta lilikosekana, sawa. Au nimekukosea?

Mwanao, Tiyamike

Linthipe, Dedza, 2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, mama yako amepona.

Nilikuja. Nilisimama langoni na karanga, na chupa ya togwa aliyokupikia mama yako. Ulitoka na wenzako, ukanitazama usoni. Nikakuinulia mkono. Ukacheka na mwenzako, ukanipita kama unapita nguzo. Karanga nikawagawia watu kwenye lori. Nyumbani nilimwambia mama yako umenenepa, basi.

Koti langu nalijua lilivyo. Kama linakutia aibu sema, sitakuja tena.

Baba yako

Zomba, 11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ikinigusa pua, kama ninavyosoma kila kitu.

Sikukuona. Sijawahi kuuona uso wa mtu aliye ng'ambo ya njia. Nyumbani nakujua kwa kikohozi chako na mguu unaouburuta. Haya macho yanayochezacheza, ambayo shangazi huyaita ukorofi, daktari amesema ndivyo ualbino ulivyo. Miwani inanipunguzia mwanga, haileti cha mbali karibu. Siku uliponivalisha nilisema naona kila kitu, kwa sababu ulifurahi mno. Darasani Eluby, rafiki yangu, hunisomea ubao kwa kunong'ona.

Kila siku nawapita watu, wanasema naringa. Nimezoea. Lakini kukupita wewe! Naona haya hata kuandika. Nisamehe.

Ila mbona hukuniita?

Mwanao, Tiyamike

Linthipe, 30 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Afya tunayo, ila chakula hakinishuki.

Nilitumaini hutauliza. Pale langoni walikuwapo vijana wauza mandazi. Mlipotokeza, mmoja akasema, "Mzungu bandia huyo anakuja. Sijui nani kamzaa." Wakacheka. Akanigeukia, "Mzee, unamngoja nani?"

Nikasema, "Simngoji mtu."

Kisha nikainua mkono, kifuani tu, unione wewe wasinione wao. Uliponipita, nilishukuru kwanza. Hasira ilikuja baadaye njiani, nikakutwika wewe, kwa kuwa mwenyewe ilinishinda kuibeba.

Mama yako nimemweleza yote. Ananipakulia chakula, hanisemeshi.

Baba yako, kama bado

Zomba, 21 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Eluby ameniuliza ninalia nini, nikamwambia ni jua.

Wale vijana bado wanauza pale. Sauti zao nazijua, nanunua mandazi kwao.

Siku ya wageni ni Jumamosi ya pili ya Novemba. Mwambie mama. Ukija, simama nao palepale, uniite jina langu. Kwa sauti.

Mwanao,
Tiyamike