Mlango wa Chumba cha Kupimia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kukwambia lolote kabla ya kukuamkia.

Hapa Ibra, Omani, nimepewa kazi ambayo ungeicheka kwanza, kisha ungeniombea dua. Mkoa umeamua watumishi wa umma, manesi, walimu, hata polisi wa kaunta, wafundishwe kumhudumia mtu mwenye jeraha la moyo: umuulize kabla ya kumgusa, umweleze unachofanya, umpe hiari. Kwenye vituo vya afya mwalimu ni mimi, binti yako niliyekuwa naona haya hata kuomba chumvi kwa jirani!

Unakumbuka ulipokwenda kupimwa presha? Nesi, msichana mwenye adabu zake, alivuta pazia, akafunga mlango, akasema, "Sitara yako, mama." Ukatoka mbio, mtandio ukauacha kitini. Wewe, ambaye hata dirishani hukuchungulia kichwa wazi! Wakakuita mkorofi. Hukurudi tena, na presha ikakuondoa. Linaniuma mpaka leo.

Nesi alidhani anakustahi. Hakujua ulichonieleza mara moja tu, tukitoa kokwa za tende: siku za mapinduzi Unguja, wewe mtoto, watu walikufungieni chumbani wewe na Bibi. "Mlango ulipofunguliwa," ukasema, "Baba hayupo." Kisha ukanigombeza kwamba tende zangu bado zina kokwa.

Basi somo langu la kwanza likawa mlango. Mkuu wa kituo akaja juu. "La haula! Mwanamke apimwe mlango wazi? Sitara iko wapi?"

"Sijasema tuuache wazi, daktari. Nimesema tumuulize mwenyewe."

Akanipa wiki ya kujaribu. Nikishindwa, somo hilo linafutwa.

Jana akaja Bi Zuwena, mtu wa Pemba, makamo yako. Kila mara huishia kwenye viti vya nje, akarudi nyumbani bila kupimwa, na presha yake mbaya. Mkuu alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Mlango tuuwache wazi, tuufunge, vipi utakavyo?"

"Mie ndo naulizwa?"

"Wewe, mama."

Akaingia. Akakitazama chumba, pazia, dirisha. Akarudi mlangoni, akaufunga kwa mkono wake, Mkuu akabaki nje. Akakaa, akakunja mkono wa nguo. "Haya mwanangu, nipime."

Dawa amepata, na mwezi ujao atarudi, inshallah. Na Mkuu, leo nimemsikia akimuuliza mgonjwa wake kama aufunge mlango. Jumapili naanza kufundisha kwenye kituo cha mji wa Al Kamil, na sina wasiwasi hata kidogo.

Pumzika, Mama. Nina furaha, wallahi, na humo ndani ya furaha nalia, kwa kuwa lilikuwa swali moja tu, na wewe hakuna aliyekuuliza.

Kitindamimba wako